Namna ya Kuandika Historia ya Kikanisa cha Kale cha Kijijini na Kukitunza Kisianguke

Mwongozo huu nimewaandikia makatekista, viongozi wa vigango (matawi ya parokia vijijini) na wanakijiji wa Bagamoyo walioachiwa kikanisa cha kale na wazee wao, nao hawataki kuona kinaangukia mikononi mwao. Ninazungumzia hasa vile vikanisa vya mawe na chokaa, au vya mawe na udongo vilivyopigwa lipu ya chokaa, ambavyo mtu huvikuta akitoka mjini kuelekea upande wa Ruvu au Wami, vingine vikisaliwa kila Jumapili na vingine vikiwa vimebaki peke yake katikati ya miembe. Watu wengi hudhani kwamba kuandika historia ni kazi ya wasomi na kukarabati ni kazi ya mafundi, kwa hiyo huzitenga kazi hizi mbili. Kwa maoni yangu, kosa hilo ndilo linaloviua vikanisa vingi, kwa sababu fundi asiyejua ukuta ulijengwa lini, kwa vitu gani na kwa ustadi wa nani, huutibu kwa dawa isiyo yake.

Kigango chetu kiliwahi kufanya kosa hilo. Tulichanga fedha kwa miezi kadhaa, tukamwita fundi, naye akabandua lipu yote ya zamani, akapiga lipu ya saruji, nzito na laini, kisha tukaipaka rangi ya mafuta. Siku ya kuzindua kila mtu alisifu. Baada ya masika ya pili, ukuta wa upande wa kusini ulianza kutoa ungaunga mweupe wenye chumvi usawa wa goti, ungaunga huo ukapanda hadi usawa wa kifua, na mwaka uliofuata lipu ile ikajibandua kama ganda, ikaondoka na udongo na mawe madogo yaliyoushika ukuta tangu enzi za babu zetu. Mimi nilikuwa mmoja wa walioidhinisha malipo. Ndiyo maana nitaeleza habari za chokaa kwa urefu kuliko jambo lingine lolote, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba daftari litangulie ndoo.

Karatasi kwanza

Historia ya vikanisa vya huku huanzia pwani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakawapokea watumwa waliokombolewa na kuwajengea kijiji. Kanisa lao la kwanza la mawe ni la mwaka 1872, na hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kutoka Bagamoyo wamisionari hao waliingia bara, wakafungua Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwanzoni mwa miaka ya 1880. Vigango vingi vya Kikatoliki vya eneo hili ni watoto au wajukuu wa vituo hivyo, kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti ni hili: kigango chetu kilizaliwa na kituo gani? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha daftari za ubatizo za zamani zilikotunzwa, kwa kuwa katekista wa kijijini hakukaa na daftari kuu, bali majina yaliandikwa kituoni.

Ukikosa daftari parokiani, usikate tamaa mapema. Eneo hili lilikuwa Vikarieti ya Kitume (eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo) ya Bagamoyo tangu mwaka 1906, na vikarieti hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa Jimbo la Morogoro mwaka 1953. Karatasi nyingi hufuata ofisi, wala hazibaki pale mambo yalipotendeka. Mapadre wenyewe waliandika pia kumbukumbu za kila siku za nyumba yao, kwa Kifaransa, na nyaraka za shirika hilo zimehifadhiwa Chevilly-Larue, karibu na Paris. Kwa upande wa serikali, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyopo Dar es Salaam inatunza majalada ya enzi za Wajerumani na Waingereza. Huko tafuta jalada la ardhi au la shule kabla ya kutafuta la kanisa, kwa sababu vikanisa vingi vya vijijini vilikuwa pia darasa la kusoma na kuandika, na mara nyingi serikali ya kikoloni ilijishughulisha na shule kuliko na altare.

Daftari za ubatizo za Kikatoliki ziliandikwa kwa Kilatini hadi miaka ya 1960, lakini asiyejua Kilatini asiogope, kwa kuwa maneno yanayorudiwa ni machache: *natus* ni aliyezaliwa, *filius* ni mtoto wa kiume wa fulani, *filia* ni wa kike, na *patrinus* ni baba wa ubatizo. Shuka na safu ya mahali, ukurasa kwa ukurasa, hadi jina la kijiji chako litokee kwa mara ya kwanza. Hapo andika tarehe, lakini usikimbilie kuiita tarehe ya kujengwa kwa kikanisa. Ubatizo wa kwanza unathibitisha kuwa palikuwa na waumini. Inawezekana walisali chini ya mwembe au kwenye kibanda cha makuti kwa miaka mingi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Daftari lenyewe lishikwe kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri, liwekwe juu ya kitenge kilichokunjwa ili mgongo wake usilazimishwe kufunguka, na unachoandika pembeni mwake kiandikwe kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino. Piga picha kwa simu karibu na dirisha, bila taa ya simu, ukianza na jalada na kufuata kurasa zote kwa mpangilio pamoja na zile tupu, kisha weka nakala katika sehemu mbili tofauti. Usizibe michaniko ya karatasi kwa selotepu, wala usilipeleke likafunikwe kwa plastiki, kwa kuwa gundi huila karatasi na plastiki hufungia unyevu ndani.

Lipo jambo moja la heshima ambalo halina budi kutajwa. Daftari hizi zina habari za watoto waliozaliwa nje ya ndoa na za watu waliowahi kuwa watumwa, na wajukuu wao bado wanaishi nasi. Picha za kurasa zisitupwe kwenye makundi ya WhatsApp. Zungumza na paroko kabla ya kuanza, na ukubaliane naye ni yapi yatakayoandikwa na ni yapi yatakayobaki sakristia, chumba cha kutunzia vitu vya ibada.

Mzee haulizwi mwaka

Ukienda kwa mzee, mwamkie kwa shikamoo, kaa, zungumza habari za nyumbani na za mashamba, na simu ya kurekodi iombewe ruhusa siku ya pili au ya tatu. Usimwulize, "Kanisa lilijengwa mwaka gani?" Wengi watakutajia mwaka wowote ili wasikuangushe. Uliza kwa matukio: je, kikanisa kilikuwapo kabla ya Uhuru? Bibi yako alikisimulia kuwa kilikuwapo wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza? Paa la makuti liliondolewa kabla au baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa? Tukio hili la mwisho ni ufunguo mkubwa. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu wengi walihama kutoka makao yao ya zamani, na kikanisa kinachoonekana leo kama kilijengwa porini bila sababu huenda kilikuwa katikati ya kijiji kilichohama.

Uliza pia juu ya kazi yenyewe, kwani hapa ndipo historia na ukarabati hukutana: mawe yalichimbwa wapi, chokaa ilichomwa na nani, ni mti gani ulioezekea, maji ya kuchanganyia yalitoka kisima kipi. Bibi mmoja wa kijijini kwetu, nilipomuuliza kuhusu udongo wa ukutani, hakujibu kwa maneno. Aliinuka, akanipeleka nyuma ya kikanisa kwenye shimo lililojaa nyasi, akachota udongo mwekundu, akaufinyanga kiganjani kwa mate, akaniambia watoto wa katekismu ndio waliokuwa wakiukanyaga kwa miguu asubuhi, na kwamba wakati ukandwapo hakuna aliyeruhusiwa kutia mchanga wa baharini. Kwa maelezo hayo ya dakika tano tulijua udongo wa kuzibia ukuta upatikane wapi, jambo ambalo fundi wetu hakuwa ameuliza.

Wazee Waislamu wasisahaulike. Uashi wa mawe na chokaa katika pwani hii ni mkubwa kwa umri kuliko misheni: magofu ya Kaole, kilomita chache kusini ya mji, yana msikiti wa karne ya 13 uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Aliyejenga ukuta wa kikanisa chako huenda alikuwa mwashi aliyejifunza kazi kwa kujenga msikiti na nyumba za mawe za mjini, na habari zake zimo katika ukoo wake, si katika daftari la ubatizo.

Kuusoma ukuta

Kabla ya kugusa chochote, pima jengo kwa utepe, lichore kwenye karatasi hata kama huna ustadi wa kuchora, na piga picha kila ukuta kutoka nje na ndani. Tafuta mstari wa wima ulionyooka katikati ya ukuta, mahali ambapo mawe ya upande mmoja hayakuumana na ya upande mwingine. Huo ni mshono wa jengo lililorefushwa. Tafuta dirisha lililozibwa. Kisha chagua kona iliyofichika, pengine nyuma ya mlango, ukwangue kwa wembe duara la ukubwa wa sarafu, ukishuka tabaka moja moja. Utaona chokaa nyeupe juu ya nyeupe, mara mstari wa samawati hafifu, mara wa udongo wa manjano, na kila tabaka ni mkono wa watu waliokipaka kwa ajili ya sikukuu fulani. Hesabu matabaka, yaandike, ukaache kile kiduara kama kilivyo.

Baada ya hapo bisha ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini hadi usawa wa kichwa, hatua kwa hatua. Lipu iliyoshika hutoa mlio mzito na mfupi. Iliyoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Zungushia penseli sehemu zenye mlio wa debe. Nyufa nazo zipigiwe mstari mdogo mwisho wake, pamoja na tarehe, kisha ziangaliwe tena baada ya masika na baada ya vuli. Ufa usiosogea kwa mwaka mzima ni kovu, nao unazibwa tu. Ufa unaopita alama yako huenda ni ugonjwa wa msingi, na huo unahitaji mhandisi.

Maji ndiyo adui wa kwanza

Fedha zikiwa haba, zote ziende kwenye paa na maji ya mvua. Ukuta wa chokaa unaweza kuvumilia uzee mwingi ukiwa na kofia nzuri na viatu vikavu, lakini tundu moja la msumari kwenye bati, likidondosha maji juu ya kichwa cha ukuta masika yote, huulainisha udongo wa ndani hadi mawe yanaanza kuachana. Panda juu kabla ya Machi, ukague misumari, mabati yaliyopishana vibaya na ncha za kombamoyo (miti ya paa). Kwa bisibisi, choma taratibu zile ncha za mbao zinazoingia ukutani, kwa sababu mchwa hupenda kuanzia hapo. Bisibisi ikizama bila nguvu, mti huo ni ganda tu.

Chini ya ukuta, hakikisha ardhi inateremka kuelekea nje na kwamba maji ya paani hayarushi matope ukutani. Chimba mfereji umbali wa kama mita moja kutoka ukutani na uupeleke mbali na jengo. Usimwage zege kuzunguka ukuta, na usiweke marumaru ndani, japokuwa najua jinsi WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) na vijana wanavyotamani sakafu inayong'aa. Unyevu wa ardhini ukizuiwa kutokea sakafuni na pembeni, hauna njia nyingine isipokuwa kupanda ukutani. Kokoto zilizotandazwa zinatosha kuzuia matope.

Popo watoke kwa kuzibiwa matundu jioni wakiwa wameshatoka kula, katika msimu wasio na watoto, wala wasitiliwe sumu. Miti inayoota kwenye nyufa za ukuta isivutwe kwa nguvu. Ikatwe, shina lidhoofishwe hadi mizizi ife, na ndipo itolewe pamoja na ukarabati.

Chokaa ijibiwe kwa chokaa

Ukuta wa zamani hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha hujikausha kupitia lipu yake. Chokaa huruhusu hayo. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, haipitishi unyevu ipasavyo, nayo haiwezi kufuata ukuta unapotanuka na kusinyaa. Maji hubaki nyuma yake, chumvi hukusanyika, na siku saruji inapoachia huchukua na nyama ya ukuta. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu, na hakuna haja ya kumtukana fundi, kwa kuwa kwenye nyumba ya matofali ya saruji kazi yake ingekuwa nzuri kabisa.

Jiwe la chokaa likichomwa katika tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900 hupoteza hewa ukaa. Likitiwa majini huchemka na kuwa uji mweupe. Na uji huo ukipigwa ukutani huvuta tena hewa ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe. Zamani huku walichoma matumbawe juu ya magogo. Leo kukata matumbawe hai ni kuiua bahari inayotulisha, na mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo nunua chokaa iliyochomwa viwandani, kama ile itokayo Tanga. Chokaa ya mifuko iliyokwisha kuzimwa (yaani kutiwa maji) iloweke angalau siku moja na usiku wake kabla ya kuitumia. Ukipata mawe ya chokaa yasiyozimwa, yatie wewe majini kidogo kidogo, kamwe usimwagie maji juu yake, na waliopo wavae miwani, glavu na viatu, kwa sababu inaporuka huunguza ngozi na kupofusha macho; uji wake uuache shimoni au kwenye pipa, ukiwa umefunikwa na maji juu, miezi mitatu ikiwezekana. Uji uliokaa hulainika kama samli na hushika vizuri zaidi.

Kwa lipu, changanya kipimo kimoja cha uji wa chokaa na vipimo vitatu vya mchanga wa mto uliochekechwa, usio na chumvi. Mchanga wa ufukweni usitumike hata kama umeoshwa. Bandua tu zile sehemu ulizozizungushia penseli. Lipu ya zamani iliyoshika iachwe, maana ni sehemu ya historia uliyokuwa ukiiandika. Lowesha ukuta kwa maji hadi usiweze kufyonza haraka, piga tabaka lisilozidi sentimita moja, liache lishike kwa siku kadhaa, kisha piga la pili. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa muda wa wiki moja, ukiyanyunyizia maji asubuhi na jioni, kwani chokaa inayokaushwa na jua kwa haraka hupasuka na kugeuka unga. Wakati mzuri ni kati ya Juni na Agosti, masika yakiwa yamepita na vuli haijafika. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, tabaka nne au tano nyembamba, ukingoja kila moja ikauke. Mtakaporudia kuipaka kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kazi hiyo igawanywe kwa jumuiya, kila jumuiya na ukuta wake.

Lipu ya saruji iliyokwisha kupigwa isiondolewe yote kwa mara moja. Ile inayolia debe itaondoka kwa mkono na patasi ndogo. Iliyong'ang'ania mawe na udongo iache hadi iachie yenyewe, kwa sababu nyundo itavunja zaidi ya inachoponya.

Sheria, na hamu ya kujenga kipya

Usitegemee kwamba jengo linalindwa na serikali kwa kuwa tu ni la kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa mambo ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, nayo misheni ya Bagamoyo ilianza miaka mitano baadaye. Kikanisa cha kigango kitapata ulinzi huo ikiwa tu Waziri atakitangaza rasmi, na hapo ndipo daftari lako la historia, vipimo na picha vinapokuwa hoja mezani. Milango ya kuchongwa, hata hivyo, ina bahati zaidi: sheria hiyo hiyo inalinda milango na miimo iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki kabla ya mwaka 1940, kwa hiyo mtu akija na fedha kutaka mlango wenu wa zamani, jibu lipo tayari kisheria. Jengo ni mali ya jimbo, na ukarabati wowote uanze kwa barua kwa paroko na uambatane na michoro.

Waumini wakiongezeka watasema kikanisa ni kidogo kibomolewe. Ninawaelewa, mtu aliyesimama nje kwenye mvua wakati wa misa ana haki ya kutaka paa. Lakini misheni ya Bagamoyo yenyewe ilijenga kanisa lake kubwa kati ya mwaka 1910 na 1914 bila kulifuta la kwanza, na mnara wa lile la kwanza ungalipo. Jengeni jipya kando, kwa umbali ambao misingi yake haitachimbua ya zamani, na cha zamani kibaki cha kuabudu Ekaristi, cha katekismu au cha kutunzia kumbukumbu.

Tenga daftari moja gumu la kurasa 200 kwa ajili ya matengenezo tu, likae sakristia pamoja na penseli yake. Kila mara bati linapobadilishwa, ufa unapozibwa au ukuta unapopakwa, andika tarehe, jina la fundi, chokaa imetoka wapi na imechanganywa kwa vipimo gani, ubandike na picha. Ukurasa wa kwanza uandikwe wiki hii, ukieleza hali ya paa kama ulivyoiona ulipopanda, kabla ya masika kufika.